Sheria na Mwananchi: Jina Moja Katika Hati, Ndugu Wengi Shambani

Mtu akitoka katikati ya jiji la Nairobi na kushika barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi, hupita Westlands, kisha hufika Kangemi na Mountain View, na mbele kidogo Uthiru na Kabete. Upande wa kusini ziko Kawangware, Riruta na Dagoretti. Leo sehemu hizo zimejaa nyumba za kupanga, maduka na majumba ya ghorofa. Lakini mwenye kufungua daftari la ardhi huona kwamba viwanja vingi vya huko bado huitwa kwa majina ya zamani, kama Dagoretti/Kangemi au Dagoretti/Riruta, kisha hufuata namba. Majina hayo ni ukumbusho kwamba pale palikuwa mashamba ya wakulima wa Kikuyu kabla jiji halijawafikia. Na mara nyingi, mahali penye nyumba za ndugu wanne au watano, hati ya shamba ina jina la mtu mmoja tu.

Jambo hili ndilo chanzo cha mashauri mengi ya ardhi katika Kenya. Mfano mmoja watosha kulifafanua. Tuseme mzee alikuwa na wana wawili. Mkubwa alibaki nyumbani na kulima. Mdogo alipata kazi ya ukarani mbali na nyumbani, akawa anarudi mara moja kwa mwaka. Siku ya kuandikisha mashamba ilipofika, mzee amekwisha kufa, na mdogo hayupo. Mkubwa akaandikishwa peke yake. Hapana aliyeona ubaya, maana kila mtu katika ukoo alijua kwamba nusu ya shamba ni ya mdogo. Karani akastaafu, akarudi, akajenga nyumba yake upande wa chini wa shamba, akapanda migomba, akakaa kwa amani na nduguye. Kisha ndugu wote wawili wakafariki. Mwana wa yule mkubwa akarithi hati, akaona bei ya ardhi imepanda, akamwendea wakili. Muda si mrefu watoto wa karani wakapata barua: wahame katika siku thelathini, kwa maana wao si wenye shamba, ni wageni waliovumiliwa.

Je, sheria yasemaje? Kwa muda wa miaka karibu hamsini majaji wa Kenya hawakuwa na jibu moja. Jibu moja lilikuja mwaka 2018, lilipotolewa na Mahakama ya Juu yenye makao yake katika barabara ya City Hall, Nairobi. Yafaa kila mkulima na kila mfanyakazi mwenye shamba la ukoo alifahamu jibu hilo, na yafaa zaidi aifahamu mipaka yake.

JINSI JINA MOJA LILIVYOINGIA DAFTARINI

Katika mila ya Wakikuyu, ardhi ya mbari ilikuwa na msimamizi aliyeitwa muramati. Mara nyingi alikuwa mwana wa kwanza. Yeye ndiye aliyejua mipaka, aliyepokea wageni waliotaka kulima, na aliyesemea mbari mbele ya wazee. Lakini hakuwa mwenye ardhi kwa maana ya kwamba aweza kuiuza akipenda na kuwaacha nduguze bila mahali pa kulima. Heshima yake ilikuwa kubwa, na wajibu wake ulikuwa mkubwa vilevile. Makabila mengine yalikuwa na mila zilizofanana na hiyo, ijapokuwa majina na taratibu zao zilikuwa mbalimbali.

Mwaka 1954 Serikali ya kikoloni ilitangaza mpango wa kilimo uliotungwa na R. J. M. Swynnerton, ofisa wa idara ya kilimo. Shabaha ya mpango huo ilikuwa kuunganisha vipande vya mashamba vilivyotawanyika, kuvipima, na kumpa kila mkulima hati, ili aweze kukopa fedha na kulima mazao ya biashara kama kahawa. Fikira ya kwamba daftari la Serikali ndilo liwe ushahidi mkuu wa nani mwenye ardhi haikuzaliwa Afrika. Robert Torrens aliianzisha katika Australia ya Kusini mwaka 1858, nayo ikaenea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Shabaha yake ni njema: mnunuzi asome daftari tu, asihitaji kuchimbua historia ya vizazi vitatu ndipo ajue anunua kwa nani.

Taabu ilikuwa katika wakati wa kuandika. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, nayo haikuondolewa mpaka mwaka 1960. Maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Embu na Meru walikuwa kizuizini wakati mashamba ya nchi yao yalipokuwa yakipimwa na kugawanywa. Wengine walikuwa kazini katika miji. Aliyekuwapo ndiye aliyeandikwa. Tena, hata pale ambapo ndugu wote walikuwapo, wazee wengi waliona ni jambo la kawaida kumtaja mwana wa kwanza, kama vile walivyokuwa wakimtaja siku zote. Walidhani wanamwandika muramati. Karani wa daftari aliandika mwenye mali.

Sheria ya kuandikisha ardhi za Waafrika ilitoka mwaka 1959, na mwaka 1963 ikafuatwa na sheria ya ardhi zilizoandikishwa, ambayo ilidumu mpaka mwaka 2012. Sheria hiyo ya 1963 ilikuwa na vifungu ambavyo viliwashughulisha mawakili na majaji kwa muda mrefu. Kifungu cha 27 kilisema kwamba mtu akiandikishwa, shamba ni lake kabisa. Kifungu cha 28 kilisema haki yake haiwezi kuvunjwa ila kwa mambo yaliyotajwa na sheria yenyewe. Lakini mwishoni mwa kifungu hicho palikuwa na maneno machache yenye uzito: kwamba kuandikishwa hakumwondolei mtu wajibu wowote alio nao kama mwenye kushika amana. Kifungu cha 30 nacho kilitaja haki ambazo hulielemea shamba hata kama hazikuandikwa daftarini, mojawapo ikiwa ni haki ya mtu anayekaa katika shamba hilo hasa. Tena palikuwa na kifungu cha 143, kilichozuia mahakama kusahihisha daftari likiwa ni la uandikishaji wa kwanza, hata pakiwa na udanganyifu. Kwa sababu hiyo aliyenyimwa katika uandikishaji wa kwanza hakuwa na mlango mwingine mkubwa ila ule wa amana.

MAJAJI WALIPOFUATA NJIA MBILI

Mashauri mawili ya miaka ya 1970 yaliufunga mlango huo. La kwanza ni lile la Obiero na Opiyo la mwaka 1972, lililohukumiwa na Jaji Bennett wa Mahakama Kuu. Walioshtakiwa walidai kwamba wanalo shamba kwa haki ya mila. Jaji alisema kwamba haki za mila hazikutajwa katika orodha ya kifungu cha 30, na lau watunga sheria wangalitaka haki hizo ziendelee baada ya kuandikisha, wangalisema hivyo. Kwa kuwa hawakusema, haki hizo zimekwisha. Mwenye jina ndiye mwenye shamba.

La pili ni lile la Esiroyo la mwaka 1973. Hapa mdai alikuwa baba, na wadaiwa walikuwa wanawe mwenyewe. Baba aliandikishwa peke yake, naye alitaka wanawe waondolewe shambani. Wana walijibu kwamba kwa mila yao baba hawezi kuwanyima mahali pa kukaa. Jaji Kneller aliifuata njia ya Jaji Bennett: mila ilimalizika siku daftari lilipoandikwa. Kwa hukumu hiyo mtoto aliyezaliwa katika shamba alikuwa sawa na mpita njia aliyeingia bila ruhusa.

Lakini kabla ya hukumu hizo mbili, Mahakama Kuu hiyohiyo ilikuwa imekwisha kutoa hukumu nyingine yenye fikira tofauti. Ni ile ya Muguthu ya mwaka 1971, iliyotolewa na Jaji Madan, ambaye baadaye, mwaka 1985, alipata kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Ndugu mdogo alimshtaki ndugu mkubwa aliyeandikishwa peke yake. Wakili wa mkubwa alitegemea daftari: halikutaja kwamba mteja wake ni mshika amana. Jaji Madan aliona kwamba haikuwa lazima litaje. Yule ndugu aliandikishwa kwa sababu alikuwa mwana wa kwanza, kwa kufuata mila ya Wakikuyu, na mila hiyo ina amana ndani yake. Aliyepokea shamba kwa cheo cha mwana wa kwanza alipokea pamoja na mzigo wa cheo hicho. Basi nusu ya shamba ilikuwa ya mdogo.

Tofauti ya njia hizi mbili iko wazi mtu akiitazama kwa utulivu. Majaji Bennett na Kneller waliuliza: je, sheria imeitaja mila? Jaji Madan aliuliza: je, mtu huyu aliandikishwa kwa nafsi yake, au kwa niaba ya wengine? Swali la kwanza hujibiwa kwa kusoma kitabu cha sheria. Swali la pili hujibiwa kwa kuwasikiliza mashahidi.

Msomaji aweza kushangaa jinsi mahakama moja ilivyoweza kusema maneno mawili yanayopingana. Sababu ni kwamba jaji mmoja wa Mahakama Kuu hafungwi na hukumu ya jaji mwenzake wa daraja hilohilo. Hufungwa na mahakama iliyo juu yake. Kwa hiyo kwa miaka mingi ushindi wa ndugu ulitegemea kwa kiasi kikubwa ni jaji gani aliyeketi siku hiyo, na wakili gani alitangulia kutaja hukumu ipi.

Pole pole njia ya amana ilipata nguvu. Mwaka 1976, katika shauri la Gatimu Kinguru, Jaji Madan alirudia kwamba kutotajwa kwa amana katika daftari hakuifuti amana, maana sheria iliruhusu kuitaja, haikulazimisha. Mwaka 1978, katika shauri la Alan Kiama, Mahakama ya Rufani ilizitambua haki za watu waliokuwa wakikaa shambani, ingawa shamba limenunuliwa na mtu mwingine aliyeandikishwa. Mwaka 1984, katika shauri la Kanyi na Muthiora, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kuandikishwa kwa mmoja hakukuzima haki za mwenziwe zilizotokana na mila ya Wakikuyu. Na mwaka 2004, katika shauri la Mbui Mukangu, baba na mwana walipogombania shamba, mahakama hiyo ilikubali kwamba ardhi iliyopokewa kutoka kwa wazazi hushikwa kwa ajili ya kizazi kilichopo na kizazi kijacho.

HUKUMU YA MWAKA 2018

Ingawa hivyo, hukumu za Obiero na Esiroyo hazikuwa zimeondolewa rasmi, na mawakili waliendelea kuzitaja. Ndipo shauri la Kiebia na M'Lintari, lililotoka Meru, lilipofika mbele ya Mahakama ya Juu. Walalamikaji walisema kwamba shamba lililoandikwa jina la ndugu yao wa ukoo lilikuwa ardhi ya familia, na kwamba yeye alilishika kwa amana kwa ajili yao pia. Mwenye hati aliposhindwa katika Mahakama ya Rufani, alikwenda mahakama ya mwisho.

Mahakama ya Juu iliitupa rufani yake. Ilisema waziwazi kwamba haikubaliani na msingi wa hukumu za Obiero na Esiroyo. Amana ya kimila ni miongoni mwa haki zinazolielemea shamba ijapokuwa hazikuandikwa daftarini. Sheria mpya ya kuandikisha ardhi ya mwaka 2012 ilikuwa imekwisha kuzitaja amana za kimila kwa jina lake katika kifungu cha 28. Sasa mahakama ilithibitisha kwamba hata chini ya sheria ya 1963 amana hizo zilikuwapo. Tena ilisema kwamba mdai si lazima awe anakaa shambani. Neno hili ni faraja kwa yule aliyekuwa kazini mjini, au aliyekuwa kizuizini, au aliyefukuzwa zamani, maana kutokuwapo kwake hakuhesabiwi kuwa amekubali kunyang'anywa.

Lakini mahakama haikufungua mlango wazi kwa kila mtu. Ilitaja mambo matano ambayo mdai hana budi kuyaonyesha. Kwanza, kwamba kabla ya kuandikishwa, ardhi hiyo ilikuwa ya familia, ukoo au kundi. Pili, kwamba yeye mdai ni mmoja wa familia hiyo, ukoo huo au kundi hilo. Tatu, kwamba uhusiano wake nao si wa mbali mno hata dai lake likawa la kubahatisha. Nne, kwamba naye angalistahili kuandikishwa au kupata sehemu, lau si jambo fulani lililoingia kati. Tano, kwamba anayemdai, yaani mwenye hati, ni mtu wa familia hiyo, ukoo huo au kundi hilo.

Basi watoto wa yule karani wa mfano wetu wana msingi mzuri wa kusimama. Ardhi ilikuwa ya babu yao. Wao ni wajukuu wa mwenye ardhi, si watu wa mbali. Baba yao angaliandikishwa lau asingalikuwa kazini. Na mwenye hati ni mtoto wa baba yao mkubwa. Ile barua ya siku thelathini haiwezi kuwatoa kwa nguvu ya hati peke yake.

MIPAKA YA HUKUMU

Hata hivyo ni kosa kubwa kudhani kwamba tangu mwaka 2018 kila binamu ana sehemu katika kila shamba. Mahakama yenyewe ilionya kwamba si kila dai la ardhi ni amana, na kwamba kila shauri hupimwa kwa ushahidi wake. Mtu aliyenunua shamba kwa jasho lake, kwa mshahara wake au kwa kahawa yake, hakulipokea kutoka kwa mbari. Nduguze hawana amana katika shamba hilo kwa sababu tu wamezaliwa tumbo moja naye. Vivyo hivyo, ikiwa mzee aliwagawia wanawe wote, na mmoja akauza fungu lake akalila, hawezi kurudi kwa nduguye aliyelitunza lake na kumwambia kwamba amelishika kwa niaba yao wote.

Tena mzigo wa kuthibitisha uko juu ya mdai, na hapa ndipo watu wengi huanguka. Mwenye hati huja mahakamani na karatasi moja yenye mhuri. Mdai huja na masimulizi. Waliokuwapo mashamba yalipounganishwa katika miaka ya 1950 wengi wamekwisha kufa, na waliosalia ni wakongwe sana. Shahidi anayesema kwamba aliambiwa na mama yake, ambaye naye aliambiwa na jirani, hana nguvu. Jaji hukubali amana iliyothibitishwa, hazushi amana kwa kuona huruma.

Iko hoja nyingine ambayo haifai kupuuzwa. Wako wanaosema kwamba hukumu hii imeipunguzia hati nguvu. Benki hutaka kujua kwamba shamba linalowekwa rehani ni la mkopaji. Mnunuzi hutaka kujua kwamba hatafuatwa na wajomba baada ya kulipa. Ikiwa haki zisizoandikwa zaweza kulishika shamba, lile kusudi la Torrens na la Swynnerton, kwamba daftari liseme yote, limepata ufa. Hoja hii ina ukweli. Lakini yafaa kukumbuka kwamba ufa huo haukufanywa na majaji. Ulikuwapo tangu siku ile daftari lilipoandikwa jina moja mahali palipokuwa na haki za watu wanne. Daftari linaloficha haki za watu haliwi kamili kwa kuendelea kuzificha. Dawa ni kuliandika sawasawa, na jambo hilo liko mikononi mwa familia zenyewe kuliko mahakama.

YA KUFANYA KABLA YA KWENDA KORTINI

Familia yenye shamba la urithi katika jina la mtu mmoja haina haja ya kungoja ugomvi. Maadamu mwenye hati yu hai na nia yake ni njema, wakati ndio huu. Ndugu na wakutane mbele ya wazee, mafungu yatajwe na mipaka yaonyeshwe, maneno yaandikwe, kila mtu atie sahihi, na mashahidi wasio wa familia watie sahihi pia. Karatasi kama hiyo si hati, lakini siku ya shauri ina thamani kuliko mashahidi kumi wa kusikia.

Kisha hatua ya pili ifuate: kumwita mpimaji, kulikata shamba, na kumpa kila mmoja hati yake. Ikiwa ni shamba la kilimo, sheria ya kusimamia ardhi ya mwaka 1967 yataka ruhusa ya bodi ya ardhi ya mahali hapo, na ombi lipelekwe katika miezi sita tangu mapatano kufanywa. Wako waliopatana vizuri, wakakawia kwenda mbele ya bodi, na mapatano yao yakavunjika kwa kosa hilo dogo.

Mwenye wasiwasi kwamba shamba laweza kuuzwa au kuwekwa rehani kwa siri aweza kumwomba msajili wa ardhi aweke onyo katika daftari, kwa kifungu cha 71 cha sheria ya mwaka 2012. Onyo hilo halimpi ardhi, ila huzuia mambo yasifanyike bila yeye kupewa habari. Katika Nairobi kazi ya daftari iliyokuwa ikifanyika kwa mafaili pale Ardhi House imeanza kuhamishiwa katika mtandao wa Serikali uitwao Ardhisasa, uliofunguliwa mwaka 2021. Kwa hiyo kutazama jina lililoandikwa si kazi ya mawakili tu. Aliyestaafu kazi na yuko nyumbani aweza kumwomba mjukuu wake amsaidie.

Mwenye hati akifa, mambo huingia katika sheria ya urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Hapa wengi hupotea kwa haraka. Wana wa marehemu huenda kortini, huorodhesha shamba zima kuwa mali ya baba yao, na hunyamaza juu ya baba mdogo na watoto wake. Wale walioachwa wasikae kimya wakingoja barua ya kuhama. Na wapeleke pingamizi lao mapema, kabla mirathi haijathibitishwa. Jambo jingine: mabinti wasisahauliwe. Mwaka 2005, katika shauri la Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa kwamba binti apunjwe kwa sababu ya kuwa ataolewa, na Katiba ya mwaka 2010 imekataza ubaguzi wa namna hiyo. Anayetaka msaada wa mila katika amana hawezi kuitumia mila hiyohiyo kumfukuza dada yake.

Kwa mnunuzi, shauri ni fupi. Kutazama daftari ni lazima, lakini hakutoshi. Na aende shambani kwa miguu yake, atazame nani anakaa pale, ni makaburi ya nani yaliyopo, na nani amepanda miti. Awaulize wanaokaa humo wako kwa haki gani, na majibu yao ayaandike. Shamba likiwa na nyumba tatu na muuzaji ni mmoja, swali liko wazi.

Mwisho, wale walioandikishwa kwa niaba ya wengine wasidhani kwamba hukumu hii imewadhalilisha. Katika ukoo, kuaminiwa ni cheo kikubwa kuliko kumiliki. Baba zao walichaguliwa kusimama mbele ya wapimaji kwa sababu nduguze waliwaona kuwa watu wa kutegemewa. Mwenye hati anayewaita nduguze leo na kuwakatia mafungu yao hupungukiwa na ekari kadhaa, lakini huwaachia watoto wake majirani walio ndugu badala ya kuwaachia mashauri. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye mashamba ya ukoo na wachukue neno hilo kama lilivyo, kisha wahakikishe kwamba daftari lina majina yote.